Neva ya Saba na Jicho la Wafula

Kitale, Jumamosi alasiri

Mwanangu Nekesa,

Juzi ulipokuwa unapiga pasi koti lako jeupe la chuo, uliniuliza swali bila hata kuinua kichwa. Ulisema, "Baba, jicho la Wafula lilikuwa na nini hasa? Nataka nianze kusoma hilo kabla ya mengine yote." Nikakujibu kwamba tutaongea, kisha nikatoka nje kuwaangalia kuku ambao hawakuwa na shida yoyote. Wewe ukaendelea na pasi yako. Nafikiri ulidhani nimechoka.

Sasa wewe na mama yako mmeenda mjini kununua sanduku, na kesho asubuhi unapanda basi la Nairobi kwenda kusomea udaktari. Nimeketi kwenye meza ya kulia na karatasi hizi. Kaka yako Wafula nimemwita kutoka Webuye, na ametuma neno kwamba atafika kabla ya saa kumi na moja. Hii ni saa nane na nusu. Kila lango linapolia, nainua kichwa.

Habari za kula, kulala na kuchagua marafiki sitakuandikia. Hizo mama yako amekuimbia tangu matokeo ya mtihani yatoke, hata mimi nazijua kwa moyo. Nitakuandikia habari za lile jicho, kwa sababu siku moja huko chuoni mwalimu wako atachora ubongo ubaoni na kutoa ndani yake neva kumi na mbili za kila upande. Akifika kwenye ya tano na ya saba, wewe utaacha kuandika. Una akili kunizidi, utaunganisha mambo hapo hapo kwenye kiti. Sitaki uyajue kutoka kwa mtu asiyejua kwamba anamsema baba yako.

Mimi nilizisoma neva hizo nikiwa na umri kama wako, nilipokuwa nasomea uofisa wa kliniki. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja mfupi, mkali kama pilipili. Neno lake lilikuwa moja: "Anza na pua." Hata mgonjwa akija na kidonda cha mguu, tuanze na pua, tumnusishe kahawa, kisha tumpime macho, kisha tushuke moja baada ya nyingine hadi ulimi. Kwa sababu neva ya kwanza ni ya kunusa na ya kumi na mbili ni ya kuusogeza ulimi, na ukiruka moja, alisema, hiyo hiyo ndiyo iliyokufa. Tulimwita Bi Pua nyuma ya mgongo wake. Tulizikariri zote kumi na mbili kwa ajili yake, tukafaulu, tukaenda zetu. Nilipoanza kazi katika zahanati na kukuta foleni inafika getini, niliziacha zote kumi na mbili mlangoni. Mtu ana joto, mpe dawa ya malaria. Mtu ana kikohozi, mpe dawa ya kikohozi. Nani ana nafasi ya kumnusisha mtu kahawa?

Ule mwaka wa tohara wa Wafula wewe ulikuwa mdogo, umeanza tu kusoma. Miezi kadhaa kabla yake, kaka yako alitokwa na alama shavuni, upande wa kushoto, chini kidogo ya jicho. Ilikuwa bapa, rangi yake imefifia kuliko ngozi nyingine. Mama yako akaniambia nimwangalie. Nilimwangalia nikiwa nanyoa ndevu, kwenye kioo, yeye amesimama nyuma yangu mlangoni. Nikasema, "Hiyo ni mashilingi tu, choa cha kawaida, watoto wa shule wanaambukizana," nikamletea dawa ya kupaka.

Nekesa, ningechukua kipande cha pamba nikakipitisha kwenye alama ile huku amefumba macho, ningejua. Asingekisikia. Choa hakiui hisia ya ngozi. Kuna ugonjwa mmoja unaotoa alama ya namna ile na kuifanya ngozi ife ganzi, nao niliufundishwa, nao ulikuwepo huku kwetu magharibi, na jina lake nitakuandikia nikifika mahali pake. Pamba ilikuwa kwenye mfuko wa koti langu. Nilikuwa mtu wa kutembea na pamba mfukoni na kutoitumia.

Sasa nikueleze jinsi jicho linavyolindwa. Neva ya tatu ndiyo inayolifungua, inainua kope. Ya saba ndiyo inayolifunga. Hiyo ya saba inatoka kwenye ubongo, inapita katika tundu jembamba la mfupa, inachomoza chini ya sikio, kisha inagawanyika kama vidole vya mkono: kidole kimoja kinakwenda kwenye kipaji, kingine kwenye jicho, vingine mdomoni na shingoni. Kile cha jicho kinapita juu ya mfupa wa shavu, karibu sana na ngozi. Pale pale palipokuwa na alama ya Wafula. Na neva ya tano ndiyo ya kuhisi. Yenyewe ina matawi matatu, la juu likiwa la kipaji na jicho, la kati la shavu, la chini la taya. Vumbi likiingia jichoni, ya tano inapeleka habari, ya saba inaleta amri, na kope zinafunga kabla hujajua kuna nini. Mtu mwenye ya tano iliyokufa hapati habari. Mwenye ya saba iliyokufa hapati amri. Kaka yako alikuwa amepoteza zote mbili upande mmoja, na jicho lake lilikuwa limekaa wazi kama nyumba isiyo na mlango wala mbwa.

Tulimpeleka Matulo kwa kuka, babu yako, maana mtoto wa kwetu hatahiriwi mjini kama mtu asiye na kwao. Nilijaa fahari, sitakuficha. Nilikuwa mtoto wa kwanza wa kuka kufanya kazi ya kalamu, na mwanangu wa kwanza alikuwa amekwenda na njuga zake hadi kwa wajomba na kurudi akiimba bila kuchoka. Jioni ya mkesha nyumba ilijaa watu. Shangazi yako Nasimiyu alikuwa amefika asubuhi kutoka Myanga. Huyu ndiye dada yangu mkubwa, aliyenibeba mgongoni mama yetu alipokuwa shambani. Alikuwa amemwangalia Wafula alipojilaza kupumzika mchana ule. Akanijia pale nilipokuwa nimekaa na wazee, akasema kwa sauti ya kawaida tu:

"Barasa, angaria jicho ya huyu mtoto. Akilala haifungi. Unaona tu nyeupe."

Nikasema, "Ati jicho?"

"Hii ya kushoto. Inatoa machozi na mtoto halii. Si wewe ndio daktari? Angaria kabla ya kesho."

Wazee walikuwa wananitazama. Nilikuwa na kikombe mkononi. Nikasema kwa sauti kubwa ili wote wasikie, "Dada, nenda ukapike, udaktari niachie mimi. Mwanaume wa kwetu halali na macho yote mawili bana, moja linachunga ng'ombe!"

Watu wakacheka. Mmoja akanipiga mgongoni. Shangazi yako hakucheka, lakini hakubishana pia. Aliondoka akarudi jikoni, na mimi niliendelea kutaniana. Huo ndio uchunguzi wa pekee aliofanyiwa kaka yako, na aliufanya mwanamke ambaye hakumaliza darasa la nne.

Asubuhi walimleta kutoka mtoni, amepakwa lile tope baridi mwili mzima, kichwa na uso. Akasimama mbele ya nyumba ya kuka. Unajua sheria: usitikisike, usikunje uso, usipepese. Ngariba akamjia. Mimi nilikuwa nimesimama mbele, hatua nne hivi. Jicho la kulia la Wafula lilipepesa kidogo sana, nusu ya mpepeso. La kushoto halikupepesa kamwe. Niliona tope likichuruzika kutoka kipajini, likashuka, likaingia ndani ya jicho lenyewe, na jicho halikushtuka. Nilikuwa mtu pekee katika boma lile aliyesoma maana ya jambo hilo. Na mtu wa kwanza kupiga kelele nilikuwa mimi. Nilipaza sauti, "Mmeona jicho la mwanangu?" Wanawake wakapiga vigelegele.

Nilirudi kazini Kitale kesho yake. Wafula alibaki Matulo na wenzake kama ilivyo desturi, wakiuguza vidonda vyao, na hakuna aliyemwosha jicho kwa kuwa hakulalamika. Angelalamikaje? Haliumi. Nilipokwenda mwisho wa juma lililofuata kioo cha jicho kilikuwa kimegeuka cheupe na usaha unatoka. Nilimbeba hadi hospitali kubwa. Walijitahidi siku kadhaa, kisha wakalitoa.

Daktari aliyelitoa alikuwa kijana mpole. Aliniita kwenye korido. Alikuwa amepitisha pamba kwenye ile alama. Alikuwa amepapasa shingo ya Wafula chini ya sikio na kukuta neva imevimba kama kamba. Aliniambia, "Mzee, huu ni ukoma. Unatibika kabisa, na akianza dawa hataambukiza mtu mwingine." Halafu, kwa heshima, kwa kuwa alijua kazi yangu, akauliza, "Hamkuona alama mapema?" Nikamwambia ilitokea ghafla.

Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na ulitoka bila jasho.

Wa pili ulitoka Matulo. Watu walikuwa wameanza kusema. Jirani mmoja alikumbusha kwamba Nasimiyu alimkodolea mtoto macho akiwa amelala, kwamba alilitaja jicho lile lile kabla ya siku, na majuma mawili hayajaisha jicho likaharibika. Wakasema ana jicho baya. Kuka akaita kikao. Shangazi yako alisimama katikati, amejifunga leso mbili, akasema, "Mimi nilimwambia Barasa ni ugonjwa. Nilimwambia amtibu. Muulizeni, si ni huyu hapa."

Wakanigeukia. Mzee mmoja akauliza, "Daktari, alikuambia ni ugonjwa, ama alisema tu maneno yake?"

Nilijua jina la ugonjwa, Nekesa. Lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi katika mfuko wangu wa shati. Kusema ndiyo kulikuwa na maana kwamba mwanangu ni mkoma mbele ya kijiji kizima, na kwamba baba yake daktari aliambiwa akacheka. Utasoma kwamba neva ya kumi inazunguka sana, inatoka kichwani inashuka kooni, inatoa sauti, inakwenda hadi kwenye moyo na tumbo. Nilisikia kazi yake yote siku ile. Lakini sauti haikukatika. Sina kisingizio hicho. Neva ya kumi na moja, ile ya shingo na mabega, nayo ilikuwa nzima kabisa, maana niliinua mabega. Ulimi ulisogea vizuri. Nikasema, "Sikumbuki."

Dada yangu alichukua kikapu chake akaondoka kwenda Myanga kwa miguu, na hakuna aliyemsindikiza.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ndivyo tunavyosema. Mimi nilificha maradhi ya mtoto wangu na aliyeumbuliwa ni dada yangu. Wafula nilimpa tembe zake kwa mkono wangu mwezi baada ya mwezi, nikimwambia ni dawa za damu. Karatasi za hospitali nilizifungia kazini. Alipona. Hadi leo hajui alipona nini. Anajua jambo moja tu, kwamba shangazi yake alimla jicho, na amekua na neno hilo hadi amekuwa mwanaume.

Sasa nifike kwako. Unakumbuka mchezo wa Jumapili? Baada ya chakula nilikuwa nawapanga ninyi wote kwenye benchi la jikoni. Nawafumba macho na kuwanusisha kahawa, sabuni, kitunguu. Mfuate kidole changu kwa macho bila kugeuza kichwa, juu, chini, pembeni. Mniambie pamba inagusa wapi. Mkaze meno. Mjaze mashavu hewa, nami nijaribu kuyapasua kwa vidole, na wewe ndiye uliyekuwa hupasuki. Mfumbe macho kwa nguvu, nijaribu kuyafungua nishindwe. Ninong'one nyuma ya sikio jina la mnyama. Mseme aaa. Mpandishe mabega. Mtoe ulimi, na hapo kila mmoja alinitolea ulimi wa dharau na mama yenu anagomba. Wewe uliupenda mchezo huo hadi ukampima paka, ukawapima watoto wa jirani, ukamwambia mwalimu wako wa shule ya msingi kwamba uso wake wa kulia ni mvivu.

Ulimwambia mchungaji wiki iliyopita kwamba ulianza kupenda udaktari kwenye benchi lile, kwa upendo wa baba yako. Nilikuwa nimesimama karibu. Nilitamani ardhi inimeze. Mwanangu, ule haukuwa mchezo. Nilikuwa nawatafuta ukoma. Tulikuwa tumeishi nyumba moja na Wafula kabla hajaanza dawa, na kila Jumapili nilipopitisha pamba shavuni kwako nilikuwa na hofu kwamba hutasema "hapa." Ulipokuwa unasema "hapa, Baba, unanitekenya," nilikuwa nageuka kidogo ili usinione uso. Upendo ulikuwepo. Lakini usiupe sifa zote, kwa kuwa hofu ndiyo iliyonikumbusha kuanza na pua.

Kuka alipofariki ulikuwa darasa la saba. Ulikaa na wenzako upande wa hema, labda hukumwona shangazi yako. Alikuja. Alikaa karibu na ua, peke yake, kwenye mzizi wa mti, baba yake mzazi anazikwa. Akina mama waliokuwa wamebeba watoto walipita mbali. Chakula alipelekewa kwenye sahani ya bati ambayo ilitupwa baadaye, niliiona nyuma ya choo. Viti vilikuwa tele. Sikumpelekea kiti. Nilipita karibu naye nikielekea kaburini, na akaniita kwa sauti ndogo.

"Barasa, hii jicho ingine ya mtoto, inafunga?"

Nikasema inafunga.

"Akilala pia?"

"Akilala pia, dada."

"Asante Mungu," akasema, na akarudi kuangalia ardhi. Hakuniuliza kitu kingine. Mimi nilikwenda kumzika baba yetu, na watu wakasema Daktari amelia sana kwa ajili ya mzee.

Ni saa kumi sasa. Hajafika.

Utasema, kwa nini miaka yote hii? Nimejiuliza hilo mara nyingi nikapata majibu mazuri. Nilisema nangoja Wafula apone. Kisha nangoja amalize shule, asichekwe. Kisha nangoja apate kazi. Sasa anataka kuoa, ningeweza kungoja aoe. Wewe mwenyewe umenisaidia kungoja bila kujua, maana nilisema tusimvuruge Nekesa kabla ya mtihani. Kila sababu ilikuwa ya kweli na kila moja ilinifaa mimi. Kosa la shavuni lilikuwa la uvivu, na nimeona madaktari wazuri wakifanya makosa makubwa kuliko hilo. Kosa la kicheko lilikuwa la majivuno. Lakini lile neno moja nimelisema upya kila siku ambayo sikwenda Myanga, na hilo ndilo limenizeesha.

Kama kuna kitu cha kukupa, si ushauri, ni habari tu za mtu aliyetangulia. Mgonjwa hatakudanganya kama utakavyojidanganya wewe ukiwa na haraka. Mtu asiyesoma akikwambia ameona kitu usoni kwa mtoto, mwache amalize sentensi. Anaweza kuwa ameketi na mtoto huyo siku nzima, na wewe umemtazama kwenye kioo cha kunyolea. Na ukikosea, na utakosea, kuna nafasi fupi ambayo ukweli bado ni mdogo, unaweza kuubeba kwa mkono mmoja. Mimi niliipita nafasi hiyo kwenye korido ya hospitali. Kijana yule alikuwa ameniuliza kwa upole sana.

Sijui utaniitaje ukimaliza kusoma. Niite unavyotaka. Nilichokuwa naogopa kuliko kufukuzwa kazi ni uso wako, wewe ambaye unaninakili hata kukohoa. Nimejaribu kuuwazia ukisoma hapa na sikuweza.

Lango limelia. Ni yeye.

*

Saa moja na nusu jioni. Mmerudi na sanduku, nawasikia ninyi wawili mkicheka kwa kuwa halifungi. Unadhani Wafula amekuja kukuaga. Namalizia haraka.

Nilimwambia yote, kwenye viti vya nje. Sikuyapamba wala sikujipamba. Nilipotaja ukoma alipeleka mkono shavuni, akaushika pale pale, kana kwamba alama bado ipo.

"Na umeisha?"

"Umeisha kabisa. Ulimaliza dawa."

"Huyu msichana nataka kuoa, anaweza shika?"

"Hapana. Haiwezekani."

Akaushusha mkono. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa kupigwa hata, na ningekubali. Akauliza, "Shangazi anajua umeniambia?"

Nikamwambia hapana, nilitaka kuanza na yeye kwa sababu ndiye aliyepoteza jicho.

Alisimama. Nekesa, sijawahi kumsikia kaka yako akipaza sauti. "Mbona unaanza na mimi? Mimi hii jicho nilishazoea! Yeye ndio anakula kwa sahani ya kutupwa! Nilikataa chakula yake, Baba. Alinitumia kuku nikiwa Form Two nikamwambia mtoto arudishe. Nilikuwa naogopa mkono yake, na ni wewe!"

Nikasema nitakwenda kwake, nitaingia nyumbani kwake nimwombe msamaha.

"Kwa nyumba?" akasema. "Ulimwangusha mbele ya watu. Kesho ni siku ya soko Myanga. Utasema hapo, wale wanamkimbia wakisikia. Halafu Matulo, wale wazee wamebaki."

"Nikisema sokoni, nitataja ugonjwa wako. Na hao wakwe zako je?"

"Si ugonjwa ni yangu? Taja. Sema ukoma, sema umeisha, sema uliambiwa ukacheka. Wakwe wakikataa, wakatae." Kisha akasema polepole, "Na mimi nitasimama hapo waone uso."

Kwa hiyo kesho saa ile basi lako linapowashwa, hutaniona stendi. Nimekuwa nikiiwazia asubuhi hiyo tangu uko darasa la tatu, mimi ndiye nitakayepandisha sanduku, na watu waseme huyo ndiye baba yake. Mama yako atakupeleka. Yeye nitamwambia usiku huu, naye ana haki ya kusema atakachosema. Barua hii nitakupa mkononi kabla hujalala, uisome ukiwa umevuka Eldoret, usiisome hapa. Ukitaka kunijibu, jibu. Ukichelewa, sitauliza kwa nini.

Naogopa, mwanangu. Nimedunga sindano, nimeshika watu wakifa, sijawahi kuogopa kama ninavyouogopa ule uwanja wa soko. Sijui kama dada yangu atakubali kusimama karibu nami, au atachukua kikapu chake tena. Wafula ameketi sebuleni, anapiga rangi viatu vyangu vya kesho. Hajaniangalia tangu aingie ndani.

Baba yako,
Barasa